Tokeni, Mtoto Anaoga

Msinga
3 Agosti 1997

Mwanangu Lindeni,

Nimekaa mezani na kalamu tangu kuku walipotoka bandani, na sasa wanarudi, kwa hiyo ujue barua hii imelimwa kwa jembe. Madarasa yangu unayajua. Ukikuta herufi imelala, isimamishe mwenyewe uendelee kusoma.

Huku tu wazima. Mguu wa bibi yako umepungua uvimbe na ameanza tena kugombana na watu, ndivyo nilivyojua amepona. Wewe je, unakula? Usiniambie chai na mkate. Chai na mkate si chakula, ni salamu tu.

Sasa habari kubwa. Baba yako mkubwa alikuja Jumapili. Akakaa, akanywa maziwa ya mgando, akapangusa ndevu, akasema: "MaKhoza, yule ng'ombe mweusi mwenye tumbo jeupe, ambaye marehemu alimtaja kuwa wa Lindeni, amenenepa. Desemba tumchinje." Mwanangu, nilitoka nje nikajifanya nafukuza mbuzi ili nipate pa kulilia.

Umemulo wako! Una miaka ishirini na miwili. Wenzako wote walishafanyiwa, wakatolewa mbele ya watu, ukoo ukasema huyu sasa ni mwanamke mzima. Ulibaki wewe tu, kwa sababu baba yako alituacha mapema na zizi likaenda kwa kaka yake. Kila sherehe ninayokwenda nakuona wewe: umesimama na mkuki mkononi, utando wa mafuta ya ng'ombe umekufunika mabega kama shali, kifua wazi, shanga zinawaka, na mimi nyuma yako napiga vigelegele mpaka sauti ikatike. Naomba Mungu lisitokee jambo la kumgeuza mawazo baba yako mkubwa. Unamjua. Akishasema hapana, hata mvua hurudi ilikotoka.

Haya, hiyo kazi yako. Mke wa mwenye duka ameniuliza, "Lindeni anacheza ngoma gani huko Johannesburg?" Nikamwambia ya kisasa. Akauliza ya kisasa ipi. Nikanunua chumvi nikaondoka, na chumvi ninayo. Niandikie nijue cha kujibu. Mnacheza nini? Mnavaa nini?

Mama yako,
MaKhoza

Vaa soksi. Najua baridi ya huko.


Johannesburg
17 Agosti 1997

Mama yangu mpendwa,

Herufi zako zote zimefika zimesimama wima. Habari ya ng'ombe niliisoma kwa sauti mazoezini, nikaruka juu mpaka Lesiba, yule kijana Mpedi tunayefanya naye kazi, akadhani nimeumwa na nyuki. Nitakuja Desemba. Hata wakinifungia mlango nitatokea dirishani.

Mwambie mke wa mwenye duka kwamba ngoma yetu inaitwa "Asubuhi". Ni habari ya watu wanaoamka. Mmoja anafagia, Lesiba anakatakata mboga, mimi naoga kisha nakunja shuka. Ndiyo hiyo. Hakuna ngoma inayopigwa, hakuna kurusha mguu. Mwalimu wetu, Dada Keneilwe, amepiga marufuku kucheza.

Najua unacheka. Nami nilicheka. Lakini hebu jaribu: mwambie Shangazi Ngenzeni akukodolee macho wakati unasonga ugali. Utaona mkono unaanza kujidai. Unasonga kama mtu anayesonga, siyo kama wewe. Hapo ndipo Keneilwe anapiga makofi kunisimamisha: "Lindeni, umeshaanza kucheza. Rudi. Oga tu." Nimeoga tangu nizaliwe, Mama, na sasa nashindwa kuoga.

Kuhusu mavazi, tunavaa kidogo, maana ukumbini kuna joto.

Maonyesho ni mwanzoni mwa Oktoba. Usijisumbue kuja, ni mbali mno, na wewe nawe una mguu mbovu.

Mwanao,
Lindeni


Msinga
5 Septemba 1997

Lindeni wa Majozi,

Ukiona nimekutaja kwa ukoo, kaa chini kwanza.

Joto. Mwezi wa Agosti. Johannesburg.

Jana nilikwenda kwa Shangazi Ngenzeni. Ametandika magazeti mapya kwenye rafu za vikombe vyake, kayakata ukingoni menomeno kama kawaida yake, na amesimama pembeni akisubiri kusifiwa. Nikamsifu. Nikanyanyua kikombe ninywe chai, na nani kanipa mgongo kwenye gazeti la chini yake? Wewe! Nilijua kwa kovu la begani, lile la uji. Kovu hilo nililipaka asali mimi mwenyewe, silisahau. Na chini ya mgongo, mwanangu, sikuona nguo. Nikasogeza sahani, nikisema labda nguo inaanzia huku chini. Haikuanzia.

"Wifi," nikasema, "gazeti hili umelipata wapi?"

"Dukani, walinifungia sabuni. Kwani vipi?"

"Hamna. Zuri tu."

Nikachukua lile birika lake kubwa la maua nikaliweka mbele yako. Akaliondoa. Nikalirudisha. "MaKhoza, una nini na birika langu leo?" Nikamwambia linapendeza hapo. Maneno ya chini ya picha yalikuwa ya Kiingereza, nikashukuru, maana mle ndani hakuna wa kuyasoma. Lakini mgongo hausomwi kwa Kiingereza.

Na unajua nani hunywa chai pale kila Ijumaa? Baba yako mkubwa. Akikuona, ng'ombe hatoki zizini. Atasema, "Nimtoe mbele ya watu mtu aliyekwisha kutolewa? Walishamwona huko kwa tiketi." Nami nitamjibu nini? Sasa kila Ijumaa nami nitakuwa kwa Ngenzeni kunywa chai. Nimekuwa mlinzi wa birika katika utu uzima huu.

Usinielewe vibaya. Mimi si mtoto wa misheni. Nimecheza kifua wazi mbele ya nchi nzima, na mama yangu kabla yangu, na wewe tangu unajifunza kutembea. Lakini tulikuwa na shanga. Kwetu aliye uchi ni yule asiye na shanga. Tena kulikuwa na wimbo, na wimbo nao ni nguo. Tena kila aliyetutazama alijua sisi ni watoto wa nani. Huko kwenu hakuna shanga, hakuna wimbo, na hao watazamaji hawajui hata jina la baba yako. Kama ni kuoga, ogea chumbani. Kama ni kucheza, cheza nikuone. Hiki cha katikati ni kitu gani?

Nijibu upesi, silali.

Mama yako,
MaKhoza


Johannesburg
14 Septemba 1997

Mama,

Nilidanganya kuhusu joto. Kuna baridi mpaka meno yanagongana. Lesiba alishajikata kidole kwa kutetemeka. Na hatuvai kidogo, hatuvai kitu. Sikukwambia kwa sababu nilijua utaniuliza maswali hayo hayo uliyoniuliza, na sikuwa na majibu. Bado sina yote.

Mwanzo tulifanya tukiwa na nguo. Nikaoga nimevaa gauni, na watu waliokuja kututazama wakacheka, na ni haki yao. Nani anaoga na gauni? Ikawa maigizo. Nikavaa nguo ya kuogelea, nikaonekana niko ufukweni Durban. Nilipovua zote, siku ya kwanza nilikufa kwa aibu. Ya pili nilijidai. Ya tatu nilisahau, kwa muda mfupi tu kama wa kupiga chafya, nikawa mtu anayeoga asubuhi. Halafu nikakumbuka natazamwa, na mkono ukaharibika tena. Kile kidogo nilichosahau ndicho ninachokitafuta. Hicho cha katikati ulichouliza, nami nauliza hicho hicho kila siku.

Unakumbuka ulivyokuwa unaogea nyuma ya nyumba, ukuta umebomoka upande mmoja, na sisi watoto tunapita kwenda kuchota maji? Ulikuwa unaimba. Sikuwahi hata siku moja kufikiri, Mama yuko uchi. Nilifikiri, Mama anaoga. Nataka watu wa huku wanione hivyo.

Ukiniambia niache kwa ajili ya umemulo, nitaacha. Naandika hivyo bila kupenda, lakini nitaacha. Ila usiniambie kabla hujaona. Nilisema usije. Sasa nasema njoo. Ni Jumamosi ya tarehe nne.

Lindeni


Msinga
24 Septemba 1997

Mwanangu,

Nimekasirika wiki nzima, na hasira ukiwa nayo peke yako inachosha.

Neno lako la ukuta uliobomoka limenishinda. Sikujua kama mlikuwa mnanisikia nikiimba.

Nakuja. Baba yako mkubwa nimemwambia naenda Johannesburg kwa daktari wa macho. Amenionea huruma, akanipa kuku wa kula njiani. Kila nikimtazama huyo kuku moyo unaniuma.

Nimetunga uzi wa shanga wa kiunoni, nyeupe na nyekundu na kijani, kama zile za ukoo wetu. Nitafika mapema, kabla hamjaanza, nikufunge mwenyewe. Hilo ni sharti. Ukiwa na shanga, siku nitakayoulizwa alivaa nini nitakuwa na la kusema. Ngoma yenyewe nitaitazama hivyo hivyo, na ikinishinda nitatazama miguu yako. Mwambie mtu wa mlangoni anikubalie niingie.

Usile vitu baridi.

Mama yako,
MaKhoza


Msinga
8 Oktoba 1997

Mwanangu Lindeni,

Nimefika salama. Aibu yangu ilitangulia, nikaikuta imekaa mlangoni inanisubiri.

Tafadhali mwombe radhi Dada Keneilwe. Niliondoka alfajiri kukimbilia basi, nikashindwa kumtazama usoni. Lakini naomba usikie ilivyokuwa kwa upande wangu, maana ninyi mlikuwa mmenipa mgongo.

Yule mtu wa mlangoni aliniambia, "Pita tu, Mama." Nikapita. Taa zote zinawaka. Watu wanaingia, wanatafuta viti, wanakohoa, mmoja anatafuna karanga. Hakuna wimbo, hakuna pazia, hakuna aliyesema karibuni. Na pale mbele, sakafuni, mwanangu kachuchumaa kwenye beseni anaoga! Lesiba naye na kisu na sufuria yake, kama alivyozaliwa. Na yule mwenzenu na ufagio. Nikasema moyoni, Mungu wangu, wamefungua mlango mapema! Watoto bado wanajiandaa, watu wameshaingizwa, na wenyewe hawajui!

Ungekuwa mama wewe, ungefanya nini?

Nikavua blanketi la mabegani nikakimbia na mguu huu huu unaoujua. Nikasimama mbele yako, nikalitanua kama kuku anavyotanua mbawa, nikapaza ile sauti ya kuitia ng'ombe kutoka ng'ambo ya mto: "Tokeni! Tokeni nje! Mtoto anaoga!"

Na walitoka, Lindeni. Usije ukamwambia mtu hawakutoka. Yule wa karanga alitangulia. Safu yote ya nyuma ilisimama. Mzungu mmoja akaniomba samahani, nikamwambia haya, funga mlango.

Ndipo uliponivuta sketi. "Mama. Mama, ndiyo hii."

"Ndiyo ipi?"

"Ngoma."

"Inaanza lini?"

"Imeshaanza."

Nikageuka. Lesiba ameinamia sufuria, mabega yanatikisika. Nikaona sasa nimeshafika, blanketi ninalo, shanga ninazo mfukoni, na katikati ya mgongo wako pana povu lililokauka, pale pale mkono wako usipopafikia tangu utoto. Nirudi nikakae nikitazama povu? Nikachuchumaa nikachukua kitambaa. Ukapiga kelele, "Mama, unaniumiza!" Nikakwambia, "Tulia, mtu mzima halilii maji." Watu wakacheka. Nikashangaa wanacheka nini. Halafu nikawasahau. Hilo nalikumbuka vizuri, kwamba niliwasahau kabisa. Nilikuja kuwakumbuka wakati nakufunga shanga, kwa sababu palikuwa kimya mpaka nikasikia fundo linavyokaza.

Nikarudi kukaa. Wale waliotoka wakarudi mmoja mmoja, wakipita mbele yangu kwa adabu. Yaliyobaki niliyaona yote, na sikuhitaji kutazama miguu. Ulikunja shuka vizuri, pembe juu ya pembe, kama nilivyokufundisha. Lakini ukiniuliza ngoma yenyewe ilikuwa wapi, sijui. Labda niliikalia.

Sikwambii uache. Nilipanda basi nikitafuta neno la kukukataza, na mpaka nashuka sikulipata. Lakini Ijumaa inakuja, na birika ni lile lile moja.

Mama yako,
MaKhoza


Johannesburg
19 Oktoba 1997

Mama yangu,

Keneilwe alininunia siku mbili. "Nimejenga ukimya huu tangu Mei," akasema, "mama yako akaubomoa kwa sauti ya ng'ombe." Siku ya tatu akaja na gazeti. Limetusifu, halafu likamsifu zaidi "mwanamke mzee mwenye kipaji cha ajabu, ambaye kwa bahati mbaya jina lake halikutajwa." Keneilwe akalisoma, akaliweka chini, akaliokota tena. "Muulize," akasema bila kunitazama, "kama Jumamosi ana nafasi."

Nikamwambia una mahindi ya kupanda. Basi akamweka Lesiba mahali pako. Lesiba alinisugua mgongo taratibu kwa heshima zote, kama anapangusa sahani za wageni. Keneilwe akapiga makofi: "Lesiba, unacheza!" Maskini hajapona mpaka leo.

Mama, niliposema unaniumiza, sikujua kama nimesema. Nilisikia watu wanacheka ndipo nikajua. Na baada ya hapo mkono wangu haukujidai tena. Nilikunja shuka kwa sababu lilikuwa halijakunjwa. Nimehangaika miezi yote hiyo, na wewe ukaja na kitambaa!

Shanga sikuzivua. Keneilwe alisema ngoma hii ni ya watu wasio na kitu mwilini. Nikamwambia kwetu nikizivua hizi ndipo nitakuwa nimevua kitu. Tukabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho akasema, "Baki nazo. Ukizivua sasa mama yako atajua, sijui vipi, lakini atajua."

Ila gazeti hilo jipya nalo lina picha, Mama. Na sabuni inaendelea kuuzwa. Nimeota baba mkubwa ananinyang'anya mkuki. Niambie ukweli.

Lindeni


Msinga
2 Novemba 1997

Mwanangu,

Mwanamke mzee! Nina miaka arobaini na sita. Huyo mwandishi aje nimbebeshe gunia la mahindi kutoka dukani hadi hapa, tuone nani mzee.

Haya, kaa. Yametokea.

Ijumaa nilikuwa kwenye zamu yangu kwa Ngenzeni. Baba yako mkubwa akaingia, akakaa, akasema leo anataka kile kikombe chenye mstari wa bluu. Kikombe hicho kiko nyuma ya birika. Nikamwambia, baba, hiki cheupe ni kikubwa zaidi. Akasema yeye anataka cha bluu. Nikasimama nikilete, kumbe ameshasimama yeye. Akaondoa birika.

Akainama karibu na gazeti. Akavaa miwani.

"Ngenzeni, huyu ni nani?"

"Gazeti tu hilo, kaka."

"Sikuuliza nini. Nimeuliza nani." Akaweka kidole begani pako. "Kovu hili nalijua. Sufuria ya uji ilikuwa yangu."

Nikapiga magoti. "Ni Lindeni, baba."

"Anafanya nini?"

"Anaoga."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu, baba. Ndiyo kazi yake. Wanaonyesha watu wanavyoamka."

"Watu hawajui wanavyoamka?" Ngenzeni akajifanya anatafuta sukari, na sukari iko mezani. "Wewe umejuaje?"

"Nilikuwepo."

"Lini?" Halafu akajijibu. "Siku ile ya macho."

"Siku ile ya macho."

"Na kuku wangu ukamla."

"Alikuwa mtamu, baba."

Akavua miwani. "Basi ulikwenda, ukakaa, ukamtazama mtoto wa ndugu yangu yuko hivi. Ukafanya nini?"

Nikaona hapa ng'ombe ndiyo anarudi malishoni. Nikamwambia yote kama yalivyo. Nilivyodhani mlango umefunguliwa mapema. Blanketi. Nilivyowafukuza.

"Wakatoka?"

"Safu yote ya nyuma, na Mzungu mmoja."

"Uliwaambiaje?"

"Tokeni, mtoto anaoga."

"Kwa sauti hii?"

"Kwa sauti ya ng'ombe."

"Hebu ifanye niisikie."

Mwanangu, niliifanya, nimepiga magoti kwenye sakafu ya shangazi yako. Mbwa walibweka mpaka ng'ambo ya bonde. Ndevu za baba yako mkubwa zikaanza kutikisika, nikadhani ni hasira, kumbe ni kicheko kimekosa njia ya kutokea. Alicheka mpaka akakaa. Ngenzeni akacheka. Mimi nikalia, halafu nikacheka, nikawa navifanya vyote viwili.

Alipotulia akaniuliza taratibu, "Ukamwogesha wewe mwenyewe?"

"Mgongo, baba."

"Ukamfunga shanga zetu?"

"Zetu."

Akafikiri. "Mtoto anaogeshwa na mama yake, anafungwa shanga za ukoo. Hiyo kwa hesabu yangu ni maandalizi. Hao watu wa Johannesburg wameona maandalizi tu. Kutolewa bado, na kumtoa ni kazi yangu. Desemba iko pale pale." Halafu akaninyooshea kidole. "Na siku nyingine ukienda kwa macho, useme unakwenda kuona nini."

Akachukua birika, akalirudisha mbele yako polepole, kama mtu anayefunga mlango wa bafu.

Waambie wenzako waje wote. Nyama ipo.

Mama yako,
MaKhoza


Johannesburg
16 Novemba 1997

Mama,

Nimeisoma barua yako nikiwa ngazini, na watu waliokuwa wanapanda walinikanyaga, nikawashukuru.

Wanakuja, Lesiba na Keneilwe pia. Keneilwe anauliza sherehe inaanza saa ngapi hasa, asije akachelewa mwanzo. Nimemwambia nitakuuliza. Anauliza pia wageni wanawake wanavaa nini. Nimemwambia, ambao hawajaolewa huvaa shanga, kifua wazi, kama mimi. Akafikiri nimetania.

Nakuomba kitu. Siku zile zote nitakuwa nimefungiwa ndani pamoja na wasichana wenzangu, kama mila inavyotaka, sitaona chochote cha uwanjani mpaka nitolewe. Uniangalilie. Kisha uniandikie, hata kama itakuchukua kutwa nzima.

Lindeni


Msinga
11 Januari 1998

Mwanangu, mwanamke mzima,

Umeondoka na nyumba imekuwa na mwangwi. Uliniomba nikuangalilie, nami niliangalia kwa macho yote mawili, yale yale yaliyotibiwa Johannesburg.

Lesiba walimpeleka kwa wanaume kukata nyama. Alikata vizuri kuliko vijana wetu, ila alikuwa amevaa suruali, shati, na shati jingine juu. Nikamuuliza kama ana homa. Akasema, "Mama, hapa kuna watu!"

Sasa mwalimu wako. Wasichana walimvisha kisketi cha shanga na mikufu, maana hajaolewa, wakamwambia umependeza. Akanijia jikoni amejifunga taulo kuanzia kooni mpaka magotini, anashikilia kwa mikono miwili.

"Mama, naona haya."

"Wewe? Si wewe uliyemvua mwanangu mbele ya Johannesburg nzima?"

"Kule mimi nilikuwa nimekaa gizani nyuma, Mama. Halafu kule ni kazi. Na hakuna anayenijua."

"Basi huku wanakujua. Wewe ni mgeni wa MaKhoza. Atakayekukodolea macho atanikuta mimi."

Hakusadiki. Akachukua kiti, akakiweka ukutani pale penye kivuli, akakaa na taulo lake anautazama uwanja. Mbele yake wanawake wenzangu wanamenya maboga na kuimba. Wasichana wanapita na ndoo vichwani, miguu yao imeshashika wimbo wa wale wa maboga, ila hawajui. Bibi yako anagombana na mpiga ngoma kuwa ngoma haijakaushwa vizuri, naye anaijaribu, anaijaribu, na kila akiijaribu mtu mmoja anatikisa bega. Mwenzio amekaa. Anangoja. Baada ya muda mrefu akaniita kwa adabu kabisa.

"Mama, samahani. Inaanza lini?"

Nikamtazama. Nikamkumbuka mwanamke mmoja mwenye blanketi, amesimama mbele ya watu, anauliza neno hilo hilo. Nikacheka mpaka nikashika ukuta.

"Imeshaanza," nikamwambia. "Njoo ushike ndoo."

Na ndoo ile, mwanangu, ilikuwa imejaa hadi ukingoni, haiendi kwa mkono mmoja. Akaitazama ndoo. Akalitazama taulo. Mikono ya mtu ni miwili tu. Akainama akaibeba. Akapita nayo uwanja mzima katikati ya watu, kifua wazi, shanga zinalia, maji yanamrukia shingoni, na hakuna aliyegeuka isipokuwa bibi yako, aliyempigia kelele kuwa anamwaga maji ya pombe. Aliporudi kuchukua ndoo ya pili alikuwa anaimba wimbo ambao maneno yake hayajui, na mguu wake umeshaushika. Sikupiga makofi kumwambia anacheza. Nilimwacha.

Yaliyofuata unayajua, maana ulitoka. Ila hujui nilivyokuwa nyuma yako. Vigelegele nilivyoviweka miaka yote hiyo vilikataa kutoka. Nikaona utando wa mafuta umekukaa mabegani mzima, haukuchanika hata uzi, kama unavyomkaa msichana aliyejitunza, na kovu la uji linang'aa chini yake. Ndipo baba yako mkubwa akatazama nilivyobanwa, akanipokea zamu. Ulimsikia? Aliipaza sauti yangu ile ile, ya ng'ombe wa ng'ambo ya mto: "Njooni! Njooni nyote! Mtoto anatoka!"

Na walikuja.

Taulo la mwalimu wako nalituma pamoja na barua hii, nimelifua. Lilikutwa zizini.

Mama yako anayekupenda,
MaKhoza

Soksi unaweza kuvua sasa. Huu ndio mwezi wa joto.